Kilambo hadi Jeddah: Hesabu masaa, usihesabu kilometa

SAFU YA AFYA NA USAFI
Na Afisa Tabibu, Kilambo, Mtwara

 

Sisi tunaoishi Kilambo, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, tuna somo moja ambalo Mto Ruvuma hutufundisha bure kila siku. Ukisimama kivukoni unaiona ng'ambo ya pili kwa macho yako. Mgeni atasema hapo ni dakika chache tu. Lakini maji yakikupwa, msafiri hukaa juu ya mzigo wake akisubiri bahari ijae. Umbali haukuongezeka hata hatua moja. Kilichoongezeka ni muda, na muda huo ndio unaoleta njaa, kiu na uchovu.

Somo hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, lakini nililisahau siku ambayo lilitakiwa kunisaidia. Leo, ndugu msomaji, tuzungumzie umbali na muda wa safari ya ndege kutoka kwetu kusini hadi Jeddah, na namna safari hiyo inavyougusa mwili wa haji, hasa mzee na mgonjwa.

Swali la mjomba

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho. Aliweka akiba msimu baada ya msimu, na mwaka 2019 Allah (SW) akamjaalia nia yake ya kwenda Hija ikatimia. Ana kisukari na shinikizo la damu, na dawa zake alikuwa akizichukua katika zahanati ninayofanyia kazi. Siku chache kabla ya kuondoka tulikaa barazani baada ya Isha, akaniuliza: "Eti mjomba, hiyo ndege inachukua muda gani mpaka kufika?"

Nikamjibu kwa haraka, tena kwa kujiamini: "Ni masaa manne na nusu tu, mjomba. Ukipanda umeshiba, utashuka hujasikia njaa."

Jibu langu lilikuwa sahihi kwa ndege. Kwa mjomba halikuwa sahihi. Yeye aliuliza juu ya safari yake, mimi nikamjibu juu ya safari ya rubani.

Siku ya safari, wakiwa wameshafika Dar es Salaam, waliambiwa wawe uwanja wa ndege saa 2 asubuhi, ndege iondoke saa 6 mchana. Mjomba akameza kidonge chake cha sukari saa 1 asubuhi kwa chai ya rangi na kipande cha mkate, akijua kwamba chakula kamili atakipata angani. Begi lake kubwa likapokelewa na kuingizwa kwenye mizigo. Ndani ya begi hilo mlikuwa na dawa zake zote, kipima sukari chake, na tende alizofungiwa na mkewe. Kisha likaja tangazo kwamba ndege imechelewa. Likaja la pili, na la tatu. Ndege iliondoka saa 1 usiku.

Ilipofika saa 9 alasiri, mjomba alianza kutetemeka, jasho likamtoka ilhali ukumbi ule ulikuwa na kiyoyozi. Akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Wenzake walidhani ni uchovu wa uzee, wakamwambia alale kidogo. Alhamdulillah, alikuwepo dada mmoja katika msafara ambaye mama yake pia ana kisukari. Akaitambua hali ile, akamnywesha soda, na baada ya robo saa mjomba akarudi katika akili yake. Laiti angeachwa alale, huenda asingeamka.

Kidonge alichomeza kilikuwa glibenklamidi. Dawa hii huisukuma kongosho itoe insulini, na nguvu yake huweza kuendelea kwa saa 24. Haijui kama ndege imechelewa. Ukiimeza usipokula, sukari hushuka. Mjomba hakukosea, kwani alifuata hesabu niliyompa mimi. Kosa lilikuwa la tabibu wake, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Umbali wenyewe ni upi?

Tuanze na kilometa. Kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara hadi uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, kwa njia ya anga ni takriban kilometa 400, muda wa kama saa moja. Kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, ni takriban kilometa 3,160. Jumla ni kilometa 3,560 hivi. Ndege kubwa za abiria zikishapanda juu huenda kati ya kilometa 800 na 900 kwa saa. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, Dar es Salaam hadi Jeddah bila kusimama ni kama masaa manne na nusu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukichukua ramani utakuta Dar es Salaam na Jeddah zote ziko katika nyuzi 39 za mashariki. Mtwara na Makka zote zinakaribia nyuzi 40. Yaani Makka iko kaskazini yetu barabara, wala si kaskazini-mashariki kama wengine wanavyodhani. Ndiyo maana huku kwetu Kilambo tunaposimama kuswali tunaelekea kaskazini. Msafiri wa Hija kutoka kusini ya Tanzania anafuata kibla chake tangu anapotoka nyumbani: anavuka Kenya na Habasha ya Najashi, kisha Bahari ya Sham.

Addis Ababa nayo iko karibu na mstari huo huo. Anayepitia huko husafiri kilometa 1,750 hivi hadi Addis, kisha 1,400 hivi hadi Jeddah. Jumla yake haiachani na ile ya moja kwa moja. Lakini atashuka, atasubiri na kupanda tena, na kusubiri huko kunaweza kuwa masaa mawili au usiku mzima. Anayepitia Dubai anazunguka: karibu kilometa 4,000 kwenda Dubai, na 1,700 nyingine kurudi magharibi hadi Jeddah. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapokatiwa tiketi usiulize bei peke yake. Uliza pia: tunapitia wapi, tunasubiri kwa muda gani, na wakati wa kusubiri kuna chakula au hakuna?

Masaa 34 ya mjomba

Mjomba aliporudi salama tulikaa tena barazani, safari hii mimi ndiye niliyeuliza. Tukahesabu pamoja, tukiacha masaa ya kulala usiku:

Kilambo hadi Mtwara mjini kwa gari: saa moja na nusu.
Mtwara hadi Dar es Salaam kwa basi: masaa 10.
Uwanja wa ndege Dar es Salaam, pamoja na kuchelewa: masaa 11.
Ndani ya ndege, pamoja na kukaa chini kabla ya kupaa na baada ya kutua: masaa matano na nusu.
Jeddah, paspoti, mizigo na kungoja basi: masaa manne.
Jeddah hadi Makka: masaa mawili.

Jumla ni masaa 34. Katika hayo, kuruka angani ni masaa manne na nusu tu.

Tazama tena hesabu hiyo. Barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 560. Anga ya Dar es Salaam hadi Jeddah ni zaidi ya mara tano ya hizo. Lakini mjomba alikaa kitini ndani ya basi karibu mara mbili ya alivyokaa ndani ya ndege. Watu wetu wanaogopa ndege, wanalidharau basi. Kumbe mwili unaulizwa jambo moja tu: umekaa kwa muda gani bila kusogea, bila kula, bila kunywa?

Wala tusisahau kwamba barabara ya kusini ina mitihani yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, abiria walisubiri kivuko. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam katika maeneo ya Kilwa, na siku ya Arafa mwaka huo ilikuwa tarehe 15 Juni. Haji wa kusini asipange kufika Dar es Salaam usiku wa kuamkia safari. Afike siku mbili au tatu kabla, apumzike.

Mambo matatu ambayo safari humpunguzia mtu

Sisi tuliopita madrasa tulifundishwa kuwa Mtume (SAW) alipozungumzia taabu ya safari alitaja mambo matatu ambayo msafiri hupungukiwa: usingizi, chakula na kinywaji. Nilipokwenda chuo cha tabibu nikakuta mgonjwa anayesafiri huharibikiwa kwa mambo hayo hayo. Tuyaangalie kimoja kimoja.

Chakula. Mgonjwa wa kisukari asimeze kidonge cha sukari wala kuchoma insulini ya mlo kwa kutegemea chakula ambacho hajakiona. Chakula kiwe mbele yake kwanza. Abebe mkononi tende, biskuti, na soda au juisi ndogo atakayoinunua baada ya kupita ukaguzi. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, njaa kali, moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa. Apewe kitu chenye sukari mara moja, kisha baada ya robo saa apewe chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe chochote, aitwe mtu wa huduma ya kwanza haraka. Na kabla ya safari aende kliniki aulize namna ya kupanga dozi zake. Asijipunguzie wala kujiongezea mwenyewe.

Kinywaji. Mama zetu wengi wakipanda basi hawanywi maji kabisa. Wanaogopa kuchimba dawa porini mbele ya macho ya watu, na katika ndege wanaogopa kile choo chembamba. Haya ni jambo jema, lakini figo nazo zina haki yake. Hewa ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake kwa kawaida hauzidi asilimia 20. Mtu aliyezoea hewa ya bahari ya Msimbati au Mikindani atahisi midomo na koo vikikauka. Kunywa maji kidogo kidogo, kikombe kila baada ya saa moja hivi, isipokuwa mgonjwa wa moyo au figo ambaye daktari wake amempimia kiasi. Anayejibana mkojo kutwa nzima hujitafutia maumivu ya njia ya mkojo kabla hajaiona Al-Kaaba. Viongozi wa misafara, mwambieni dereva asimame penye vyoo vya staha kwa ajili ya akina mama. Hiyo ni sehemu ya amana yenu.

Usingizi. Haji akikesha Mtwara kwa maulidi ya kuagwa, akakesha Dar es Salaam kwa jamaa wanaokuja kumuaga, akakesha na uwanja wa ndege, atafika Makka akiwa mgonjwa kabla ya kuanza ibada. Jamaa, muageni mapema mumwache alale.

Miguu inayokaa kitini

Kukaa muda mrefu bila kusogea hufanya damu itembee polepole katika mishipa ya ndani ya miguu, na inaweza kuganda. Kipande kikikatika kikaenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa ghafla. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti wake kuhusu jambo hili: safari ya kukaa kwa masaa manne au zaidi huongeza hatari hiyo kiasi cha mara mbili. Hatari yenyewe bado ni ndogo, mtu mmoja kati ya 6,000 hivi. Na haikuwa ndege peke yake. Ilikuwa ni basi, gari na treni pia.

Hatari huzidi kwa mtu mnene, mjamzito, mwenye saratani, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na aliyewahi kuganda damu. Huzidi pia kwa mwanamke anayetumia baadhi ya dawa za homoni. Hapa nawaomba akina dada wanaokusudia kutumia vidonge vya kuchelewesha hedhi ili wakamilishe tawafu: msivinunue dukani kimya kimya. Nendeni kwa daktari kwanza, mpimwe presha na muulizwe historia yenu.

Kinga yake ni nyepesi. Kila saa moja inuka utembee hatua chache. Ukiwa kitini, kanyaga kwa vidole, kisha kwa visigino, mara 20 au 30. Usipange mabegi miguuni ukakosa pa kunyoosha goti. Kwenye basi shuka kila linaposimama. Soksi za kubana zipo kwa wenye hatari kubwa, lakini wapewe na mtaalamu. Mwanamume aliye katika ihramu akizihitaji kwa maradhi, hilo la udhuru na fidia awaulize masheikh. Na usimeze aspirini kwa kujiamulia mwenyewe.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma nyuma ya ugoko na kuwa wa moto, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kikachoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama imepita wiki moja tangu ushuke. Usiseme ni uchovu wa saai.

Hewa ya mlimani

Hewa ndani ya ndege hupunguzwa mgandamizo mpaka ikawa kama ya mtu aliyesimama juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni kusema, ukiwa kitini uko kati ya Nairobi na Addis Ababa kwa urefu, nawe umetoka Kilambo ambako ni usawa wa bahari. Mtu mzima mwenye afya hahisi kitu. Lakini mwenye moyo dhaifu, pumu isiyotulia, upungufu mkubwa wa damu au seli mundu anaweza kubanwa. Huyu apimwe kabla, wala asifiche ugonjwa kwa kuogopa kuzuiwa. Hali kadhalika aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo wiki za karibuni, na aliyetoka kufanyiwa upasuaji.

Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza asipande kabisa mpaka dawa zimfikishe mahali pa usalama. Hapo napo masaa yana neno. Katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani, waliokaa karibu na mgonjwa wa namna hiyo hufuatiliwa ikiwa safari ilifika masaa manane, na katika hayo huhesabiwa pia muda ambao ndege ilikaa chini na abiria ndani. Yaani hata wataalamu hawahesabu kuruka peke yake.

Saa haibadiliki, jua linabadilika

Ndugu zetu wanaokwenda Guangzhou kibiashara hukuta saa imesogea mbele masaa matano, usingizi ukawaruka siku kadhaa. Haji wa kwetu amesamehewa taabu hiyo. Kwa kuwa tunakwenda kaskazini moja kwa moja, saa ya Makka na saa ya Mtwara ni moja. Usibadilishe saa yako ya mkononi, wala usibadilishe saa ya dawa. Anayepitia Dubai atakuta saa imetangulia kwa saa moja. Asiifuate, aendelee na saa ya nyumbani.

Ila kuna mtego. Wazee wetu wengi hawamezi dawa kwa saa, humeza kwa swala: kidonge kimoja baada ya Alfajiri na kimoja baada ya Maghrib. Mwezi Juni, Mtwara jua huzama kama saa 12 na dakika chache jioni. Makka siku hiyo hiyo huzama kama saa 1 na dakika chache usiku, na asubuhi huchomoza mapema kuliko kwetu kwa karibu saa nzima. Basi dozi mbili zilizokuwa zimeachana masaa 12 hivi zinaachana 14 mchana na 10 usiku. Kwa dawa nyingi za presha si neno. Kwa insulini ni neno kubwa. Tumieni saa ya mkononi.

Na joto pia. Juni kwetu ni kipupwe, asubuhi watu hujifunika. Baada ya masaa manne na nusu mlango wa ndege unafunguliwa kwenye kiangazi cha Uarabuni. Mwili huhitaji siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, kulizoea joto. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilifika nyuzi 51.8 katika Msikiti Mtukufu wa Makka, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu wasio na vibali waliotembea mbali juani bila kivuli. Siku za mwanzo usijitie nguvu. Tembea usiku au asubuhi, mwavuli mkononi, maji mkononi.

Wazee wetu na safari ya baharini

Zamani mwambao huu ulisubiri pepo za kusi ndipo majahazi yaelekee kaskazini, na safari ilikuwa ya wiki nyingi. Mtu akiugua, aliugua njiani. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji, na kuanzia mwaka 1882 dola ya Uthmania ikaweka karantini katika kisiwa cha Kamaran, mlangoni mwa Bahari ya Sham. Meli za mahujaji zilizotoka kusini zilisimama hapo, watu wakakaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea.

Leo safari ni fupi kuliko ugonjwa wenyewe. Homa ya uti wa mgongo huchukua kati ya siku 2 na 10 tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana. Mtu anaweza kupanda Dar es Salaam mzima, akashuka Jeddah mzima, na ugonjwa umo ndani yake. Kazi iliyofanywa na kisiwa cha Kamaran sasa inafanywa na chanjo. Ndiyo maana Saudia hutaka chanjo ya homa hiyo iwe imechomwa siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Haji anayechanjwa uwanja wa ndege ili apate karatasi amejidanganya nafsi yake na wenzake. Ukichanja mapema unajilinda wewe, na unawalinda wajukuu utakaorudi kuwapakata.

Mfuko mdogo wa masaa 48

Kila haji, hata asiye mgonjwa, awe na mfuko mmoja usioachana na mkono wake, wenye mahitaji ya masaa 48:

Dawa zake zote, katika pakiti zake za asili, si kwenye karatasi ya gazeti. Insulini isiingie begi kubwa kamwe, kwani tumboni mwa ndege inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika.
Barua ya tabibu kwa Kiingereza, yenye majina ya dawa na dozi. Vimiminika vinavyozidi mililita 100 huzuiwa kwenye ukaguzi, lakini dawa huruhusiwa ukionesha barua.
Kipima sukari, tende, na pakiti mbili tatu za ORS.
Miwani, na namba ya simu ya kiongozi wa msafara imeandikwa kwenye karatasi.
Chupa ndogo tupu ya kujazia maji ya kunywa, na nyingine kwa ajili ya istinja.
Sabuni ndogo, kitambaa cha kufutia, barakoa, na nguo moja ya kubadili.

Kuhusu usafi ndani ya ndege: choo kile hakina mahali pa maji kupita sakafuni. Tumia karatasi kwanza, kisha maji kidogo ya chupa, na ukimaliza futa ulipomwaga, maana anayekufuata ni haji mwenzako na sakafu yenye maji huvunja nyonga za wazee. Udhu nao uchukuliwe kabla ya kupanda inapowezekana. Osha mikono kwa sabuni kila utokapo chooni na kabla ya kula, kwa sababu haji mmoja mwenye kuhara huweza kuugua msafara mzima.

Hitimisho

Kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha yule aliyeuliza kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ndiyo amtegemee Mola wake. Kujua umbali, kuuliza muda, na kufunga tende mkononi ndiko kumfunga ngamia wa zama zetu.

Mjomba yu hai, alhamdulillah, na jina la Alhaji limemkaa vizuri. Hivi karibuni mama yangu mkubwa naye amejaaliwa kupata nafasi, na ana presha. Alikuja zahanati, akaketi, akauliza swali lile lile: "Mwanangu, ndege inakwenda masaa mangapi?"

Safari hii sikuwa na haraka. Nilivuta karatasi nikamwambia: "Mama, tuanzie mlangoni kwako hapa Kilambo, saa utakayofunga kufuli. Tuhesabu mpaka utakapotua begi lako Makka." Tukahesabu. Alipoondoka, karatasi ile aliikunja akaitia katika mkoba wake, pamoja na dawa.

Fanyeni hivyo hivyo kwa wazee wenu. Allah (SW) awatakabalie wote wanaokwenda, awarudishe salama, nasi tuliobaki atujaalie siku yetu. Wabillahi tawfiq.